Sakafu ya mbao nyeupe itakuwa na rangi gani miaka mitano ijayo? Mwaloni, mepo, paini na mvule

Dukani utaoneshwa kipande cha sampuli chenye urefu wa kiganja, kimetoka kwenye boksi lake jana au leo. Ni cha krimu, au cha manjano ya mbali sana, na hapo hapo unaanza kuiona sebule yako. Kipande hicho hakijaona jua. Sakafu yako italiona kila siku, na mwaka wa pili wapo wanaorudi kwa muuzaji wakidai wameuziwa mbao nyingine. Mbao ni zilezile, ila hakuna aliyewaambia kwamba rangi ya dukani ni ya kupita tu.

Hapa nalinganisha mbao nne. Mwaloni mweupe na mepo hutoka Ulaya na Marekani Kaskazini. Wasomaji walioko Toronto, Minneapolis au Birmingham huzikuta tayari majumbani, na walioko Nairobi au Dar es Salaam huziagiza. Paini inapandwa kwetu kwa wingi. Mvule ni mbao yetu ya siku zote, na nimeuweka humu kwa sababu ukitoka kwenye randa ni wa manjano hafifu na humdanganya mtu. Baada ya mbao nitazungumzia vanishi, maana kwa mwaka wa kwanza vanishi inaweza kuamua rangi kuliko ubao wenyewe.

Kinachobadilisha rangi

Ndani ya mbao kuna lignini, kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti. Lignini hufyonza miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, kisha ikikutana na oksijeni huvunjika na kuacha kemikali za rangi ya manjano na kahawia. Mbao nyeupe haina rangi nzito ya kuficha badiliko hilo, ndiyo maana linaonekana upesi.

Kuna mambo mawili ambayo wauzaji wengi hawayataji. La kwanza ni kwamba kioo cha dirisha hakikuokoi. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale iliyo mikali zaidi, lakini ile ya urefu mkubwa zaidi hupita kwa wingi. Hata ungeizuia yote, mwanga unaoonekana nao hubadilisha mbao, hasa ule wa upande wa buluu na zambarau, ingawa polepole zaidi.

La pili ni la kutia moyo: badiliko ni la juu juu. Miale ya urujuanimno haipenyi mbao zaidi ya maikromita 75 hivi, na mwanga unaoonekana hufika kama maikromita 200, yaani sehemu moja ya tano ya milimita. Chini ya hapo mbao bado ina rangi ile uliyoiona dukani. Fundi akipitisha mashine ya msasa vizuri, sakafu ya miaka ishirini inarudi changa mbele ya macho yako, kisha safari inaanza upya.

Vigezo vya kulinganisha

Nitaangalia mbao zote nne kwa mambo yaleyale. Kwanza rangi: inaanzia wapi, inaelekea wapi, na kwa kasi gani. Pili zulia: ukihamisha zulia au kabati, alama itaonekana kiasi gani? Tatu msasa: mbao inarudishika kwa urahisi au ina masharti? Nne maisha ya sakafu, yaani ugumu, maji na wadudu, kwa sababu hakuna faida ya rangi nzuri kwenye ubao ulioliwa na mchwa. Mwisho nitasema mbao hiyo inamfaa nani.

Kuhusu ugumu nitatumia kipimo cha Janka: mpira wa chuma wenye kipenyo cha milimita 11.28 unasukumwa ndani ya ubao hadi nusu yake, na nguvu iliyohitajika huandikwa kwa pauni. Namba ikiwa kubwa, ubao ni mgumu.

Mwaloni mweupe

*Rangi.* Jina lisikudanganye, moyo wa mti huu ukiwa mpya ni kahawia hafifu yenye ukijivu kidogo. Mwanga ukishaufanyia kazi, ukijivu unaondoka na ubao unaelekea dhahabu iliyotulia. Badiliko lipo, lakini halishtui, kwa sababu mwaloni haukuanza mweupe kabisa. Asiye na kipande kipya cha kulinganishia anaweza asitambue. Ila hakikisha unachonunua: mwaloni mwekundu nao huuzwa kwa jina hilohilo la mwaloni, na wenyewe huanza na uwaridi kisha rangi yake huzidi joto kadiri unavyokaa.

*Zulia.* Alama hutokea. Hata hivyo mwaloni una mistari mingi iliyo wazi, na mistari hiyo huvuruga macho kiasi kwamba mpaka wa zulia hauonekani kama umepigwa rula.

*Msasa.* Unakubali vizuri. Hatari yake iko kwingine. Mwaloni una tanini nyingi, ileile inayokausha ulimi kwenye chai ya rangi, na tanini ikikutana na chuma pamoja na maji hutoa doa jeusi lenye ubuluu. Mafundi wanaosugua kati ya mikono miwili ya vanishi kwa ule waya wa kusugulia sufuria huacha vipande vidogo vya chuma kwenye vinyweleo vya ubao. Ukipaka vanishi ya maji juu yake, kesho yake unaona vidoa vyeusi vimetapakaa chumba kizima. Chungu cha maua chenye miguu ya chuma kitafanya vivyo hivyo. Dawa za kusafishia zenye amonia nazo uziweke mbali, kwa sababu amonia huufanya mwaloni uwe kahawia iliyokolea. Watengeneza samani hutumia mvuke wake kwa makusudi kupata rangi hiyo.

*Maisha.* Janka yake ni 1,360. Mishipa ya mti huu huziba yenyewe ndani, ndiyo maana hutumika kutengenezea mapipa ya mvinyo, na moyo wake huvumilia unyevu kuliko mepo au paini. Bei kwetu ni ya juu kwa sababu ni wa kuagizwa.

*Inamfaa nani.* Mtu anayetaka rangi hafifu isiyobadilika sana, na ambaye hapendi kufikiria sakafu yake kila wiki.

Pembeni ya mwaloni kuna ashi. Mistari yake inafanana na ya mwaloni lakini ubao wenyewe ni mweupe zaidi, na ukikaa huelekea rangi ya majani makavu. Ugumu wake ni 1,320. Miti hii imepata pigo kubwa: mdudu wa kijani kutoka Asia aligunduliwa Michigan mwaka 2002 na tangu hapo ameua ashi nyingi mno Marekani Kaskazini, na Ulaya kuna ugonjwa wa kuvu unaoishambulia. Ukiipenda, nunua za akiba mapema, huenda baadaye usipate za kulingana.

Mepo

*Rangi.* Huu ni mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Kati ya mbao nne ninazozilinganisha ndiyo nyeupe kuliko zote, na sababu ni kwamba sehemu inayotafutwa kwa sakafu ni mbao za nje za gogo, siyo moyo. Inaanza krimu safi. Kisha inaelekea manjano ya siagi, na kwenye chumba chenye jua jingi hufika asali. Sehemu kubwa ya badiliko huonekana katika miezi ya mwanzo, baadaye mwendo unapungua. Kwa mtu aliyechagua mepo kwa ajili ya weupe wake, miezi hiyo ni migumu.

*Zulia.* Hapa mepo haina huruma. Mistari yake ni hafifu, ubao ni laini machoni, hakuna pa kuficha kitu. Inua zulia lililolala hapo mwaka mzima na utaona mstatili mweupe wenye pembe nne kamili, hata alama ya shada za pembeni mwa zulia ukichunguza. Haidumu milele, sehemu ile ikipata mwanga hufuata wenzake.

*Msasa.* Inarudishika, lakini inataka fundi makini. Kwa kuwa ubao umebana, kila mkwaruzo wa mashine unaonekana baada ya vanishi. Na kama unafikiri utaficha manjano kwa kupaka rangi ya mbao, fahamu kwamba mepo hunyonya rangi kwa mabaka, hapa nyingi, pale kidogo. Wengi huishia kutoridhika.

*Maisha.* Janka 1,450, ngumu kuliko mwaloni. Viwanja vya mpira wa kikapu vya NBA karibu vyote vimetandikwa mepo. Boston Celtics ndio wanaojulikana kwa kubaki na mwaloni. Ugumu huo usikufanye uiamini kwenye unyevu. Mepo haivumilii kuoza wala wadudu, kwa hiyo kwenye nyumba ya chini kando ya bahari, Tanga au Mombasa, ningesita.

*Inamfaa nani.* Familia yenye watoto na viti vinavyoburutwa, katika nyumba kavu, ambayo inaipenda rangi ya asali hafifu na siyo tu weupe wa siku ya kwanza.

Paini

*Rangi.* Paini, wengine huiita msonobari, ndiyo mbao nyeupe ambayo Mtanzania au Mkenya ataipata bila kusubiri meli. Shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, ndilo kubwa kuliko yote Tanzania, na paini ni sehemu kubwa ya miti yake. Ikiwa mpya ni nyeupe yenye manjano kidogo na vifundo vya kahawia. Inakoelekea ni rangi ya chungwa iliyokolea. Vifundo navyo huzidi wekundu. Anayetaka kujua itafika wapi atafute nyumba iliyowekewa dari ya paini miaka mingi iliyopita, ainue kichwa. Dari haipigwi na jua moja kwa moja, na bado imekuwa vile.

Yapo mambo mawili ya rangi ya paini ambayo hayatokani na mwanga, na ni afadhali uyajue kabla ya kulipa. Gogo lisipopasuliwa na kukaushwa upesi, kuvu huingia na kuacha michirizi ya buluu yenye kijivu. Hiyo imezama ndani, msasa hauitoi. Na dawa ya kuzuia mchwa yenye shaba ndani yake huacha ukijani kwenye mbao; inafaa nguzo na paa, haifai sakafu unayoitaka nyeupe. Muombe muuzaji mbao zilizotiwa dawa ya boroni, ambayo haina rangi na inatosha kwa mbao za ndani zisizopigwa na maji.

*Zulia.* Tofauti ni kubwa, kwa sababu umbali kati ya rangi ya mwanzo na ya mwisho ni mrefu. Sakafu ya paini iliyokaa miaka kadhaa chini ya zulia moja itakuwa na vyumba viwili ndani ya chumba kimoja.

*Msasa.* Hapa paini inashinda wenzake kwa wepesi. Ni laini, inachubuka upesi, fundi wa kawaida anaiweza. Angalizo ni kwamba utomvu kwenye vifundo hujaza karatasi ya msasa, na kwa kuwa ubao ni laini, mashine ikisimama mahali pamoja sekunde chache inachimba shimo.

Watu wa Denmark na majirani zao wa Skandinavia, ambao wameishi na sakafu za paini na jamii yake kwa vizazi, wana njia yao ya kupambana na uchungwa. Hupaka maji ya kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, juu ya mbao mpya, wakasuuza, wakaacha ikauke, kisha wakaosha kwa maji ya sabuni yenye mafuta ya asili mara kadhaa mpaka sabuni ijae kwenye vinyweleo. Matokeo ni sakafu nyeupe iliyofifia, isiyong'aa, na ambayo haikimbilii chungwa. Naipenda sana sura hiyo. Lakini inadai kuoshwa kwa sabuni ileile mara kwa mara, madoa ya mafuta ya kupikia huingia kwa urahisi, na kostiki inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo glovu na miwani ya kazi si hiari.

*Maisha.* Ni laini. Paini nyeupe ya mashariki mwa Marekani ina Janka 380. Zetu ni aina nyingine lakini nazo kisigino chembamba au mguu wa kitanda huacha kovu. Kuna wanaoyaona makovu hayo kuwa uzuri wa nyumba inayokaliwa na watu, na kuna wasioweza kuyavumilia. Jijue.

*Inamfaa nani.* Mwenye bajeti ndogo, mwenye vyumba vya kulala vya miguu mitupu, na anayependa rangi ya joto. Anayetaka weupe pia, endapo yuko tayari kuufanyia kazi.

Mvule

*Rangi.* Ubao wa mvule ukitoka kwenye msumeno ni wa manjano, na mtu asiyeujua anaweza kuuweka kwenye fungu moja na mbao nyeupe. Haukai huko. Mwanga unaupeleka kwenye kahawia ya dhahabu, kisha kahawia kamili, na safari hiyo ni ya haraka. Ukinunua mvule kwa ajili ya ile rangi ya manjano, umenunua kitu kinachoondoka. Ukiununua kwa ajili ya kahawia yake, umenunua moja ya sakafu nzuri kuliko zote zilizopo Afrika Mashariki.

*Zulia.* Alama ni kali: manjano chini, kahawia pembeni. Afadhali badiliko ni la haraka, kwa hiyo sehemu iliyofunikwa ikiachwa wazi hufukuzana na wenzake vizuri.

*Msasa.* Unakubali, lakini vumbi lake huwasha ngozi na kifua, barakoa ni lazima. Ndani ya magogo mengine hukutwa vipande vigumu vya chokaa vinavyomaliza meno ya msumeno. Fundi akikuongezea gharama ya visu, anajua anachosema.

*Maisha.* Janka ni kama 1,260, na moyo wake hustahimili kuoza na mchwa. Mwaloni na mepo havikuzoea mchwa wa kwetu. Mvule unao jibu. Tatizo ni kwamba umekatwa sana. Tanzania, mazao ya misitu yanayosafirishwa yanatakiwa yawe na hati ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Iombe uione.

*Inamfaa nani.* Anayejenga kwetu, hasa penye joto na unyevu, na ambaye yuko tayari sakafu yake iache kuwa nyeupe.

Vanishi ina neno lake

Chukua vipande viwili vya mepo kutoka ubao mmoja. Kimoja kipake vanishi ya poliyurethani ya mafuta, kingine ya maji. Jioni ya siku hiyohiyo utakuwa na mbao mbili tofauti.

Vanishi ya mafuta yenyewe ina rangi ya asali tangu kwenye kopo, na huzidi umanjano kadiri inavyokaa. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mafuta yake huwa manjano hata gizani, kwa hiyo chini ya kabati ubao unabaki mweupe lakini vanishi juu yake inazeeka. Kwa mvule na paini ya rangi ya joto hilo si kosa, linaukoleza uzuri. Kwa mepo ni kuharakisha kile ulichotaka kukikawiza. Inachelewa kukauka na harufu yake ni nzito, ila kwa kawaida ni ya bei nafuu na mafundi wengi wameizoea.

Vanishi ya maji ni nyeupe kama maziwa kwenye kopo na ikikauka haina rangi. Hukauka kwa saa chache, hainuki sana, na yenyewe haigeuki manjano kiasi cha kusumbua. Usidanganywe kwamba inauzuia ubao kubadilika. Ni uwazi mtupu, mwanga unapita. Aina zenye dawa ya kupunguza miale hukawiza badiliko, hazilikomeshi. Ni ghali zaidi.

Mafuta ya nta huzama kwenye ubao badala ya kukaa juu. Ya kawaida huongeza joto la rangi, lakini ziko aina zenye chembe nyeupe ndani, na hizo kwenye mwaloni na paini hupunguza umanjano kwa namna ya kuridhisha kabisa. Faida kubwa ni matengenezo: sehemu ikichakaa unasugua pale tu, unapaka pale tu. Gharama yake ni kwamba kazi hiyo haiishi.

Mbao za kiwandani zinazokuja zimeshapakwa mara nyingi zina oksidi ya alumini kwenye vanishi. Hazichuniki kirahisi, lakini siku ya msasa fundi atatoa jasho. Uliza pia unene wa tabaka la juu la mbao halisi. Badiliko la rangi halifiki hata robo milimita, kwa hiyo tabaka la milimita 3 au 4 lina nafasi ya kupigwa msasa zaidi ya mara moja. Lililo chembamba kama karatasi halina.

Dirisha lako linaelekea wapi?

Ushauri mwingi ulioandikwa kuhusu sakafu umeandikwa na watu wa kaskazini, na husema jihadhari na dirisha la kusini. Kwa msomaji wa Toronto ni kweli: adhuhuri ya Desemba jua liko nyuzi 23 hivi tu juu ya upeo, linaingia kwa dirisha la kusini mpaka ukuta wa pili. Nairobi na Dar es Salaam mambo ni mengine. Adhuhuri jua liko juu ya paa, haliingii ndani. Linaloingia ni la asubuhi kwa dirisha la mashariki na la jioni kwa dirisha la magharibi, mwaka mzima. Kama una chumba kimoja tu chenye kioo kikubwa cha magharibi, hicho ndicho cha kukiwekea pazia, au kioo cha tabaka mbili zilizounganishwa kwa plastiki katikati, ambacho huzuia takriban asilimia 99 ya miale ya urujuanimno.

Na mazulia: kwenye sakafu mpya, miezi ya mwanzo iache wazi ikiwezekana, ili badiliko kubwa liwe la chumba kizima. Baadaye weka zulia, lakini ulisogeze mara kwa mara. Yale yenye mpira upande wa chini yaepuke, kwa sababu mpira wenyewe unaweza kuacha doa kwenye vanishi.

Kabla ya kuamua, omba kipande cha kila mbao unayoifikiria, kipake vanishi utakayotumia kweli, funika nusu yake kwa karatasi ya foili ya jikoni na ukiweke kwenye dirisha lenye jua kuliko yote nyumbani mwako. Wiki chache zinatosha. Ukifunua foili utauona mstari, na mstari huo ndio sakafu yako chini ya zulia.

Kwa hali yako

Unaishi kwenye nyumba ya baridi, Ulaya au Marekani Kaskazini, na unataka weupe ukae kadiri inavyowezekana: mwaloni mweupe kwa mafuta ya nta yenye chembe nyeupe, au mepo kwa vanishi ya maji kama ugumu ni muhimu kuliko alama za zulia.

Unajenga Arusha, Iringa au Limuru, bajeti ni ya wastani: paini iliyokaushwa vizuri na kutiwa boroni, vyumbani, sebuleni fikiria mara mbili kwa sababu ya ulaini.

Uko pwani: mvule wenye hati, ukubali kahawia. Ukisisitiza rangi hafifu, mwaloni mweupe ndio wa karibu, na kinga ya mchwa ifanyike kwenye msingi kabla ya sakafu.

Umepanga, au utahama baada ya miaka michache: usihangaike na mepo, alama za samani zako zitamsubiri mpangaji mwingine na huenda zikakugharimu amana.

Huwezi kuvumilia badiliko la aina yoyote: nunua vigae vyenye sura ya mbao. Havina joto la mbao mguuni, lakini rangi yake itakaa.

Tayari una sakafu yenye mstatili mweupe ulipokuwa na zulia: usiite fundi wa msasa wiki hii. Fungua mapazia, acha mahali hapo wazi miezi kadhaa, na kama una mbao za akiba kwenye boksi, zitoe zipate mwanga pia, ili siku ubao mmoja ukiharibika usiweke kiraka cheupe katikati ya sebule. Msasa uite pale tu ambapo mpaka bado unaonekana baada ya hapo.